Kufundisha Kiingereza Japani: eikaiwa ni kitu gani hasa, na nani anaweza kuipata hiyo kazi

Agosti 2025, kwenye mkutano wa TICAD 9 pale Yokohama, shirika la misaada la Japani, JICA, lilitangaza mpango wa kuunganisha miji minne ya huko na nchi nne za Afrika kwa ajili ya kubadilishana watu na utamaduni, na Tanzania ikapangiwa mji wa Nagai ulioko mkoa wa Yamagata. Ndani ya siku chache habari ikageuka kabisa. Huku kwetu ikasambaa kwamba Japani imewapa Watanzania mji, huko kwao wananchi wakazijaza simu ofisi za hiyo miji wakiuliza kwa nini wageni wanaletwa, na mwishoni mwa Septemba JICA wakaufuta mpango wote. Viza maalumu ya kwenda kuishi huko haikuwepo hata siku moja.

Lakini swali lilibaki, basi njia ya kwenda kufanya kazi Japani ni ipi? Na jibu linalorushwa harakaharaka kwenye magrupu ni hili: nenda kafundishe Kiingereza, Wajapani hawakijui na hela wanayo. Lina ukweli ndani yake ila limekatwa vipande, na kuna watu wanauza vile vipande kwa hela, ndiyo maana nataka tulipitie taratibu.

Tuanze na majina kwa sababu mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Mtu akisema "anafundisha Kiingereza Japani" anaweza kuwa anafanya kazi mojawapo kati ya mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni mwalimu msaidizi kwenye shule za serikali, wenyewe wanamwita ALT, anaingia darasani pamoja na mwalimu wa Kijapani. Wengine wanaenda kupitia mpango wa serikali unaoitwa JET, ulioanza 1987, wengine wanaajiriwa na kampuni binafsi ambazo zinawapeleka mashuleni. Ya pili ndiyo eikaiwa. Hii ni kampuni ya biashara inayouza mazungumzo ya Kiingereza kwa mtu yeyote mwenye hela, kuanzia mtoto wa miaka mitatu mpaka mzee mstaafu. Majina makubwa huko ni AEON, ECC, Berlitz, NOVA na Gaba, halafu kuna vishule vidogovidogo vya mtu mmoja au wawili visivyohesabika. Mara nyingi viko karibu na stesheni ya treni, ghorofa ya tatu au ya nne, na bango la rangi kali nje.

Ukitaka kuielewa eikaiwa usiifikirie kama shule, ifikirie kama gym. Mteja analipia uanachama, tena mara nyingi analipa mapema kwa miezi mingi, anakuja jioni akitoka kazini, hakuna mtihani wa taifa mwishoni, wengine wanakuja kwa bidii, wengine wanalipa halafu wanapotea. Mwalimu kwenye mfumo huo ni kama yule kocha wa gym, kazi yake kweli ni kukuelekeza lakini kazi yake nyingine, na bosi anaiangalia sana hii, ni kukufanya ujisikie vizuri kiasi cha kulipia tena. Ukishaliweka hilo kichwani mambo mengine yote ya eikaiwa yanaeleweka yenyewe.

Kwa nini Wajapani wanalipia kitu ambacho watoto wao wanafundishwa shuleni? Kwa sababu Kiingereza cha shuleni kwa miaka mingi kimekuwa cha mtihani, sarufi na kutafsiri sentensi, mtu anasoma miaka sita sekondari anatoka anajua kanuni zote halafu akikutana na mgeni anayeuliza njia anakosa la kusema. Na makazini presha ipo. Kampuni nyingi zinaangalia alama za mtihani wa Kiingereza unaoitwa TOEIC, ambao ulianza 1979 kwa maombi ya Wajapani wenyewe, na Rakuten ilitangaza 2010 kwamba Kiingereza kitakuwa lugha ya kazi ndani ya kampuni. Kuanzia Aprili 2020 Kiingereza kikawa somo rasmi darasa la tano na la sita, wazazi nao wakaanza kuwaandikisha watoto mapema zaidi. Kwa hiyo mtu anayejiona anaenda kukaa na mameneja wakizungumzia uchumi ajue kabisa kwamba sehemu kubwa ya ratiba yake inaweza kuwa watoto wadogo, nyimbo, kadi za picha na kurukaruka kwenye zulia.

Siku yenyewe inakwendaje? Wateja wako huru jioni na wikendi, kwa hiyo mwalimu anaingia mchana, labda saa sita au saa saba, anatoka saa tatu usiku, Jumamosi ni siku ya kazi tena ndiyo nzito kuliko zote, mapumziko yanaangukia siku kama Jumapili na Jumatatu. Somo moja ni dakika 40 mpaka 50, kwa siku unaweza kupiga masomo sita, saba, hata nane, na kati ya somo na somo una dakika chache za kuandika rekodi ya mwanafunzi na kufungua kitabu cha somo linalofuata. Vitabu ni vya kampuni na hatua zimepangwa. Kuna pia masomo ya kuonja kwa mteja mpya, hapo ndipo utauona ule upande wa biashara waziwazi, kwa sababu wewe unafundisha dakika 20 au 30, halafu mfanyakazi wa Kijapani anakaa na mteja kumshawishi asaini. Baadaye utaombwa useme mwanafunzi fulani aongeze kozi gani au anunue kitabu gani.

Kitu kinachowachosha walimu wapya, na hakitajwi kwenye video za YouTube, ni ukimya. Unauliza swali, wanafunzi wanne wanaangalia meza. Sio kwamba hawajakuelewa, wengi wanatengeneza sentensi kamili kichwani kwanza kwa sababu wamelelewa kwenye mfumo ambapo kukosea mbele ya watu ni aibu. Mwalimu aliyezoea madarasa yetu ya kelele na mikono juu anaweza kuona kama anachukiwa na akaanza kuongea mwenyewe somo zima, na hapo ndipo anapoharibu kwa sababu mteja amelipia aongee yeye. Kujifunza kusubiri sekunde kumi bila kujaza hewa ni ujuzi kabisa, na mimi naona ndio unaomtenganisha mwalimu mzuri wa eikaiwa na yule anayepita tu.

Sasa viza, hapa ndipo uongo mwingi ulipo.

Mwalimu wa eikaiwa anaingia kwa hadhi ya ukaazi, yaani aina ya kibali cha kuishi nchini, inayohusu kazi za kiufundi, za kitaaluma na huduma za kimataifa, Wajapani wanaifupisha kwa kuiita gijinkoku. ALT kwenye shule za serikali anatumia nyingine, ya ualimu. Ni hadhi mbili tofauti, na aliye kwenye moja hawezi tu kuamka asubuhi akahamia kazi ya upande wa pili bila kwenda uhamiaji kubadilisha au kuomba kibali cha ziada. Hii gijinkoku, kwa kazi ya kufundisha lugha, inataka degrii ya chuo kikuu. Fani yoyote, sio lazima ualimu wala Kiingereza, mtu wa kilimo au uhasibu sawa tu. Wasio na degrii wanatakiwa kuonyesha uzoefu wa kazi hiyo wa miaka mitatu, na sio rahisi kuuthibitisha. Vyeti vifupi vya kufundisha Kiingereza vinasaidia kwenye CV lakini havichukui nafasi ya degrii, kwa hiyo anayekwambia lipa kozi ya wiki nne kisha viza inafuata, mwache aende zake.

Halafu kuna ile kanuni ya miaka 12, na naomba Watanzania waisome hapa kwa utulivu. Kwa hadhi ya ualimu, anayefundisha lugha ya kigeni anatakiwa awe amesoma kwa lugha hiyo, yaani lugha ya kufundishia darasani iwe ndiyo hiyo, kwa miaka 12 au zaidi. Kanuni imeandikwa kwa ajili ya mashuleni lakini kampuni nyingi za eikaiwa nazo zinaitumia kama kipimo cha nani aitwe kwenye usaili. Sasa hesabu. Mkenya wa mfumo wa 8-4-4 aliyeanza kufundishwa kwa Kiingereza darasa la nne ana miaka mitano ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo, jumla 13, amevuka. Mganda naye akianza darasa la nne ana minne ya msingi, sita ya sekondari, mitatu ya chuo, amevuka. Mtanzania aliyesoma msingi ya serikali kwa Kiswahili ana minne ya kidato cha kwanza mpaka cha nne, miwili ya kidato cha tano na sita, mitatu ya chuo, jumla 9. Hajafika. Anaweza kuwa anaongea Kiingereza kizuri kuliko hao wote na bado karatasi zikamwangusha, wakati ndugu yake aliyepita English medium ana miaka 16 na anapita bila shida. Mtu wa Bujumbura au Lubumbashi aliyesoma kwa Kifaransa anakwama hapohapo. Inauma, lakini ni bora ujue kabla hujauza kiwanja.

Hatua zenyewe zinaanzia kwa mwajiri. Kampuni ndiyo inayopeleka maombi uhamiaji kule Japani kuomba cheti cha kustahiki, kinachukua kama mwezi mmoja mpaka mitatu, wanakutumia, halafu wewe unakipeleka ubalozini, Nairobi au Dar es Salaam au ulipo, unaomba viza. Cheti kina uhai wa miezi mitatu tu. Kwa maana hiyo hakuna "viza ya kufundisha" inayotoka kabla ya kuwa na mwajiri, na wakala anayesema atakupatia viza kwanza halafu kazi utaitafuta ukifika anakudanganya. Tena sheria ya ajira ya Japani kwa kawaida hairuhusu wakala wa kazi kumtoza mtafuta kazi, ada analipa mwajiri, isipokuwa kwa makundi machache kama wasanii, wanamitindo na mameneja wakubwa. Mwalimu wa Kiingereza hayumo kwenye hayo makundi.

Wengine wanasema fulani alienda tu kutalii akapata kazi. Mara nyingi huyo fulani ni Mwaustralia au Mwingereza mwenye viza ya likizo na kazi, ambayo inatokana na makubaliano kati ya Japani na nchi husika, na hakuna nchi ya Afrika yenye makubaliano hayo. Sisi hata kutembea tu tunahitaji viza, na kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kosa la kukurudisha nyumbani. Ila kuna mlango ambao hauzungumzwi sana, wanafunzi. Waafrika Mashariki wengi wako Japani kwa skolashipu za serikali ya huko, na mwanafunzi akiomba kibali uhamiaji anaruhusiwa kufanya kazi mpaka saa 28 kwa wiki. Vishule vidogo vya eikaiwa vinapenda mtu ambaye tayari yupo mjini, ana kadi ya ukaazi, anaweza kuja kufanya somo la majaribio kesho. Kujenga uzoefu hivyo kisha kubadilisha hadhi ukimaliza chuo ni njia ya kweli kabisa kuliko kutuma CV mia moja kutoka Mbeya.

Na rangi? Watu wanauliza kwa kujificha, mimi naona isemwe wazi. Matangazo mengi bado yanataka "native", na kichwani mwa wateja wengi picha ya mzawa wa Kiingereza ni Mzungu wa Marekani au Uingereza. Afrika Kusini mara nyingi inaingizwa kwenye orodha, Kenya na Uganda inategemea mwajiri, Tanzania mara chache. Ubaguzi upo, na kule kwenye kutafuta nyumba upo pia, kuna wenye nyumba wanaokataa mgeni yeyote bila hata kumwona. Pamoja na hayo walimu Waafrika wapo, na kwenye madarasa ya watoto na ya watu wazima wanaosafiri kikazi wanapendwa sana. Sipendi posti zinazosema haiwezekani, na sipendi pia zile zinazosema Wajapani hawana hiyo tabia.

Kijapani sio lazima kwa kazi yenyewe, kampuni kubwa nyingi hata hazitaki ukitumie darasani. Lakini ofisi ya mtaa, benki, hospitali na barua ya kodi iliyoandikwa kwa kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, vyote vinakusubiri, kwa hiyo jifunze kusoma hiragana na katakana, herufi zao nyepesi, kabla ya ndege.

Tuje kwenye hela. Kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi ni yen 250,000 kwa mwezi, na cha kusikitisha ni kwamba kiwango hicho hakijasogea sana tangu miaka ya 1990, sehemu nyingine kimeshuka mpaka karibu 200,000. Mwaka 2012 dola moja ilikuwa kama yen 80, kwa hiyo 250,000 ilikuwa zaidi ya dola 3,100. Yen ilipoporomoka mpaka 150 kwa dola, hela ileile ikawa kama dola 1,670, shilingi za Tanzania milioni nne na kidogo. Kwa anayekaa na kula Japani sio balaa, ila kwa anayetuma nyumbani ni karibu nusu imeyeyuka, na stori nyingi za utajiri unazosikia ni za wakati ule wa zamani.

Kwenye hiyo 250,000, ukiwa mwajiriwa kamili, pensheni inakata kama 23,800, bima ya afya karibu 13,000, kuna bima ya ajira kidogo na kodi ya mapato kama 5,000, unabaki na kitu kama 206,000. Chumba kidogo nje ya Tokyo 50,000 mpaka 70,000, umeme gesi maji na simu labda 17,000, chakula 40,000 ukipika mwenyewe. Mwaka wa pili kuanzia Juni inakuja kodi ya mkazi, ambayo inapigwa kwa kipato cha mwaka uliopita, ndiyo maana mwaka wa kwanza huioni na watu wanadhani haipo. Hiyo ni kama 10,000 nyingine kila mwezi. Na mwanzoni unahitaji akiba, nauli mara nyingi ni yako, nyumba inaweza kudai amana pamoja na pesa ya shukrani kwa mwenye nyumba ambayo hairudi, na mshahara wa kwanza mara nyingi unaingia mwezi unaofuata.

Ila kabla ya kiasi cha mshahara angalia aina ya mkataba. Kuna mkataba wa ajira, na kuna mkataba wa huduma unaoitwa gyomu itaku, ambapo kisheria wewe ni mfanyabiashara unayeiuzia kampuni masomo. Wa pili unaweza kuonekana mnono maana hukatwi kitu, lakini huna likizo ya malipo, huna bima ya ajira, mwanafunzi akiahirisha unaweza usilipwe, na bima ya afya na pensheni unajilipia mwenyewe yote. Kwa miaka mingi pia kulikuwa na ujanja wa mikataba ya saa 29.5 kwa wiki ili mwalimu asifike robo tatu ya muda wa mfanyakazi kamili na kampuni ikwepe kumchangia bima ya afya na pensheni. Sheria imebanwa hatua kwa hatua, 2016, 2022, na kuanzia Oktoba 2024 kampuni yenye wafanyakazi 51 na kuendelea inatakiwa kumwingiza kwenye mfumo hata wa saa 20. Ukiona ofa ya saa 29.5, uliza kwa maandishi kama utaandikishwa kwenye shakai hoken, yaani bima ya afya na pensheni ya wafanyakazi. Jibu lao litakwambia mengi.

Na hizi kampuni zinaweza kuanguka, hata kubwa. NOVA ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote, matawi zaidi ya 900, wanafunzi kama laki nne. Ile biashara ya kulipisha mapema niliyoieleza kwenye mfano wa gym ndiyo iliyoimaliza. Wanafunzi waliotaka kujitoa walirudishiwa hela kwa hesabu iliyowapunja, mahakama ya juu kabisa ya Japani ikaamua Aprili 2007 kwamba hesabu ile ni kinyume cha sheria, Juni wizara ikaizuia kusaini mikataba mipya ya muda mrefu, hela mpya ikakauka, mishahara ikachelewa, na Oktoba ikaomba mahakama iilinde dhidi ya wadai. Maelfu ya walimu wa kigeni wakakwama bila mshahara, wengine nyumba zao zilikuwa za kampuni, na kuna wanafunzi waliowalipa kwa chakula ili wawafundishe. Jina la NOVA lilinunuliwa na likaendelea chini ya wamiliki wengine. GEOS nayo ikafilisika 2010. Nyumba iliyoandikwa jina la mwajiri inarahisisha kufika, ila ikibidi kuondoka kazini unaweza kulazimika kuondoka na nyumbani, kwa hiyo ukishatulia tafuta ya jina lako.

Kuacha kazi hakukufukuzi nchini papo hapo, hili nalo watu wanaliogopa bure. Viza sio ya kampuni, ni yako mpaka tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Unatakiwa kuwaarifu uhamiaji ndani ya siku 14 kwamba umeacha au umebadilisha mwajiri, na ukikaa zaidi ya miezi mitatu bila shughuli ya hadhi hiyo na bila sababu ya maana wanaweza kuifuta. Bosi akitishia "nitakufutia viza", hana hayo mamlaka. Mshahara usipolipwa kuna ofisi ya ukaguzi wa kazi ya serikali, na kuna vyama vya wafanyakazi vinavyopokea walimu wa kigeni, kama General Union ya Osaka na Tozen ya Tokyo.

Na ile pensheni uliyokatwa haijapotea yote. Raia wa kigeni aliyechangia miezi sita au zaidi, akishahama Japani, anaweza kuomba arudishiwe sehemu ya michango yake, tangu Aprili 2021 hesabu inakwenda mpaka miezi 60. Maombi yanapelekwa ndani ya miaka miwili baada ya kuondoka, na malipo ya mfumo wa waajiriwa yanakatwa kodi ya asilimia 20.42. Hiyo kodi nayo inaweza kurudishwa, ila ni bora kabla ya kupanda ndege uwe umemteua mtu aliyeko Japani na kumwandikisha ofisi ya kodi kama mwakilishi wako, rafiki yeyote unayemwamini anafaa, na karatasi za pensheni uzihifadhi kwa sababu namba yake ndiyo watakayokuuliza.